Kireno cha ng'ambo ya Ruvuma

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Mtwara tarehe 5 Mei, siku ambayo UNESCO tangu 2019 imeitenga kuwa siku ya Kireno duniani. Walikuwepo vijana wanaojifunza lugha, wafanyabiashara wa mpakani na wageni wetu kutoka Msumbiji. Wengi mliniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoongea.

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, na nyie ndugu zetu mliovuka mto jana, sejam bem-vindos, karibuni sana nyumbani.

Kabla sijaenda popote naomba mtazame humu ndani. Hapa mbele yangu kuna meza. Ukutani pale kuna bendera. Yule mzee pale nyuma anajifuta jasho na leso, pembeni yake kuna kopo la maji, na hayo maji yametoka bombani. Meza, bendera, leso, kopo, bomba. Hayo yote matano ni Kireno jamani, mesa, bandeira, lenço, copo, bomba, yani toka umeingia kwenye huu ukumbi umeshaongea Kireno pengine mara ishirini na hakuna mtu aliyekufundisha. Na wale mnaocheza karata jioni pale kijiweni, turufu ni trunfo, shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros. Mto wako wa kulalia unauvalisha foronya, nayo ni fronha.

Sasa kitu kilichonifanya mimi niipende hii habari mpaka leo ni hiki. Kuna siku nilikuwa naongea na baharia mmoja wa Indonesia, tukaanza kutajiana majina ya vitu, akaniambia kwao meza ni meja. Nikashtuka. Nikamwonyesha bendera ya meli, akasema bendera. Herufi kwa herufi! Alafu akaniambia kanisa kwao ni gereja. Nikakaa kimya kidogo manake nilikuwa nalijua hilo neno, sisi tunalo, sisi tunasema gereza. Mtu wa Jakarta na mtu wa Mtwara hawajawahi kukaa baraza moja, hawakufundishana, ila babu zao walitembelewa na meli zilezile na kila mmoja akabaki na vipande vya maneno mkononi.

Kwanini kwao limebaki kanisa na kwetu limekuwa jela? Watu wa Kilwa mko hapa, mnalijua lile Gereza la Kilwa Kisiwani pale ufukweni. Mwaka 1505 alikuja Mreno mmoja, Francisco de Almeida na meli zake za vita, wakaiteka Kilwa, wakajenga ngome, wakaenda Mombasa wakaichoma moto. Ngome ile walikaa nayo mpaka 1512 wakaiacha, na jengo tunaloliona leo Waomani walilijenga upya karibu na mwaka 1800. Ngome za Mreno zilikuwa na kanisa ndani, igreja, na jina la kanisa likaishia kuwa jina la ngome nzima, alafu ngome zikaja kutumika kufungia watu na jina likahamia huko. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 kwa ajili ya askari wa Mreno, Waingereza wakaja kuigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Kwahiyo neno lililotoka Ulaya likimaanisha nyumba ya sala, kwetu sisi likaishia kwenye pingu, na mimi nikilifikiria hilo neno naona ndo historia yenyewe imejikunja humo ndani, huhitaji kitabu kikubwa.

Tuanze basi na chimbuko, hapa nitapita haraka. Kireno ni mtoto wa Kilatini, na sio Kilatini cha wasomi, ni kile cha askari na wakulima wa Roma walioingia kule Iberia, yani Ureno na Hispania ya leo, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Kristo. Kilianzia kaskazini, kikiwa lugha moja na ile ya Galicia ambayo leo iko Hispania, na Mgalicia na Mreno mpaka leo wakiongea polepole wanaelewana vizuri tu. Mwaka 711 Waarabu na Waberberi wakavuka bahari wakaishika sehemu kubwa ya ile nchi kwa mamia ya miaka. Mwaka 1143 Ureno ikatambuliwa kuwa ufalme, na mfalme Dinis, aliyetawala kuanzia 1279 mpaka 1325, ndo aliyesema karatasi za serikali ziandikwe kwa lugha ya watu badala ya Kilatini.

Lakini hapo kwa Waarabu nisimame kidogo, manake hapo sisi Waswahili tunahusika. Sukari kwa Kireno ni açúcar. Mtu fulani, wao wanasema fulano. Sharubati yetu na xarope yao ni ndugu. Na ukimsikia bibi wa Kireno anatamani jambo litokee anasema oxalá, hiyo imetoka kwenye jina la Mungu kwa Kiarabu, ni kama sisi na inshallah yetu. Yani kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku, sisi na yeye tulishachota maji kisima kimoja, sema yeye alichotea kule Lisbon na sisi tukachotea huku pwani.

Alafu wakaingia baharini. Wakaiteka Ceuta ya Afrika Kaskazini 1415, kisha wakateremka na pwani ya magharibi ya Afrika kidogo kidogo, Bartolomeu Dias akaizunguka ncha ya kusini 1488, Vasco da Gama akafika Malindi Aprili 1498 akapata nahodha wa kumvusha mpaka India, Cabral akafika Brazil 1500, Goa ya India wakaichukua 1510, Malacca ya Malaysia 1511, Macau ya China wakatia nanga moja kwa moja 1557. Miaka kama sabini tu hiyo kutoka Dias mpaka Macau, na kanchi kenyewe kadogo.

Watu wanadhani lugha ilienea kwa bunduki peke yake. Bunduki zilikuwepo na nimeshasema habari ya Mombasa, sitaifuta. Ila bunduki haiwezi kufundisha watu kupatana bei. Kilichokieneza Kireno Asia ni soko. Mpaka miaka ya 1600, Waholanzi na Waingereza walipokuja kushindana na Mreno walijikuta wakifika bandarini lazima waongee Kireno, tena kilichovunjwavunjwa, manake ndo lugha ambayo mfanyabiashara wa India na wa Malacca wote walikuwa nayo. Waholanzi waliiteka Malacca 1641, wakatawala, wakaondoka, na mpaka leo kuna familia za wavuvi kule Malacca wanaongea Kristang, Kireno chao cha mchanganyiko. Na wale mnaokula pau bhaji kwa Wahindi, hiyo pau ni pão, mkate, na Mjapani naye mkate anauita pan.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndo limenileta hapa mbele. Kuna watu wananiambia, wewe unatufundisha lugha ya mkoloni. Nawaheshimu na ninawaelewa. Ila nataka niwape habari ya mfalme mmoja wa Kongo, jina lake Mvemba a Nzinga, alipobatizwa akaitwa Afonso. Huyu alijifunza Kireno, akaweka makarani wanaokiandika, akawa anamwandikia mfalme wa Ureno barua kama mfalme kwa mfalme. Mwaka 1526 akaandika barua ambayo ipo mpaka leo, akimwambia yule mwenzake kwamba wafanyabiashara wako wanakamata watu wetu kila siku, wanachukua watoto wa nchi, mpaka ndugu zangu mimi mwenyewe, nchi inabaki tupu, sisi kutoka kwenu tunahitaji mapadri na walimu tu, na mvinyo na unga wa ibada, hatutaki biashara ya watumwa kwenye ufalme wetu. Biashara haikukoma, iliendelea kwa zaidi ya miaka mia tatu. Lakini angalieni ameandika kwa lugha gani. Mwafrika, mwaka 1526, ameshika lugha ya yule anayemuumiza na amemwambia machoni kinachofanyika. Mimi nikisikia mtu anasema Kireno ni cha Wareno, namkumbuka huyu mzee.

Kutoka pwani hiyohiyo ya Kongo na Angola ndo walipakiwa watu kwenda Brazil. Karibu watu milioni 5 wa Afrika walishushwa Brazil, hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyopokea wengi hivyo. Na mjue Brazil haikuanza kwa kuongea Kireno. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kule watu waliongea lugha ya pamoja iliyotokana na Kitupi, lugha ya wenyeji, hata Wareno wenyewe nyumbani waliongea hiyo. Ikapatikana dhahabu Minas Gerais mwishoni mwa miaka ya 1600, Wareno wakamiminika, alafu miaka ya 1750 waziri mkubwa wa Ureno, Marquês de Pombal, akatoa amri Kireno tu ndo kifundishwe na hiyo lugha ya wenyeji iachwe. Hilo lilikuwa ni jambo baya, nalisema wazi, lugha nyingi sana zilikufa kule na watu wake, na mtu anayekisifia Kireno bila kulitaja hilo anasema nusu.

Ila wale waliopakiwa melini hawakufika mikono mitupu. Mbrazili mtoto wake wa mwisho anamwita caçula, hilo ni neno la Kimbundu, lugha ya kule Angola. Mtoto mtundu ni moleque, Kimbundu. Nyigu ni marimbondo, na hiyo ma ya mbele nyie wenyewe mnaijua ni nini, ni ma ya wingi kama kwenye maembe! Kigenge cha mbogamboga ni quitanda, sisi kitanda tunalalia, wao wananunulia nyanya. Na kuna neno moja nalipenda kuliko yote, cafuné. Ni kile kitendo cha kumlaza mtu kichwa mapajani ukapitisha vidole kwenye nywele zake polepole mpaka asinzie. Wabrazili wote wanalo, maskini kwa tajiri. Fikirieni mwanamke aliyetolewa Luanda kwa nguvu, anamlaza mtoto, wake au wa bwana, anampapasa kichwa, na neno analolisema wakati anafanya hivo limeishi kuliko minyororo yote.

Leo Brazil kwa sensa ya 2022 ina watu milioni 203. Ureno yenyewe ina kama milioni 10. Piga hesabu mwenyewe.

Nirudi nyumbani sasa, kwenye mto wetu wa Ruvuma. Mimi nilikuwa navusha vitunguu na mchele kwenda Mocímboa da Praia kule Msumbiji, hiyo ni kabla ya vurugu zilizoanza Oktoba 2017. Mwanzoni niliona sihitaji Kireno, manake watu wa pwani ile wanaongea Kimwani na ukiongea Kiswahili wanakuelewa, na bara huko kuna Wamakonde kama hawahawa wetu wa Newala. Siku moja kwenye ofisi fulani nikapewa karatasi ya Kireno, nikasaini nikijua ni risiti. Kumbe nimekiri kwamba mzigo wangu hauna vibali. Nimekaa siku nne nje ya ile ofisi, vitunguu vinachipua kwenye magunia, kila nikiingia naambiwa neno moja tu, falta carimbo, falta carimbo. Muhuri haupo. Mama mmoja muuza samaki wa pale ndo alinihurumia, akanisomea ile karatasi mstari kwa mstari, akanielekeza muhuri unagongwa wapi, na kuanzia siku ile akawa mwalimu wangu wa kwanza, kila nikipita lazima nikae kwake nihesabu fedha kwa Kireno. Wanaongea Kimwani pale, wanacheka kwa Kimwani, ila ikifika kwenye bei utasikia duzentos e cinquenta, mia mbili hamsini.

Miaka baadaye nikagundua hilo neno carimbo nalo ni la Kimbundu, maana yake alama, na kwenye zama za utumwa lilikuwa ni chuma cha moto cha kumtia mtu alama mwilini. Tangu nijue hivo sijawahi kuligonga muhuri bila kulifikiria.

Kwenye hiyo nchi ya Msumbiji wakati wa ukoloni Mwafrika ili atambuliwe kama raia ilibidi aitwe assimilado, athibitishe anajua Kireno na anaishi kizungu, na sheria hiyo ilifutwa 1961 tu. Waliopita walikuwa wachache sana. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 watu kama 93 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kwahiyo Mreno alikaa karne na karne na hakukifundisha Kireno, alikifungia kabatini. Waliokitoa kabatini ni Waafrika wenyewe, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyikia hukuhuku kwetu. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, wapiganaji wakafanya mazoezi Nachingwea, na wapo humu watu ambao bibi zao walivuka huu mto baada ya mauaji ya Wareno kule Mueda, Msumbiji, Juni 1960. Pale kambini alikuwepo Mmakonde, Mmakua, Mnyanja, Mshangana, kila mmoja na lugha yake. Wakasema tutatumia Kireno, hiki kitu tunakinyang'anya tukitumie kujiunganisha. Sisi Nyerere alituunganisha na Kiswahili kwasababu tulikuwa nacho, wao walishika walichokuwa nacho mkononi.

Na kimekuwa chao kweli. Mwaka 1980 waliokuwa na Kireno kama lugha ya kwanza Msumbiji walikuwa kama mtu 1 katika 100. Sensa ya 2017 wamefika karibu 17. Angola ndo usiseme, sensa ya 2014 watu 71 katika 100 wanakiongea nyumbani. Ila ukienda huko usitegemee kusikia Kireno cha Lisbon. Chai ya asubuhi ni matabicho, yani ua mdudu, yule mdudu wa tumboni. Daladala Maputo ni chapa, Luanda ni candongueiro. Shamba Msumbiji ni machamba, hilo si la kuuliza limetoka wapi, na piripiri ni pilipili yetu imebadilisha nguo tu ikapanda ndege, leo inauzwa dunia nzima kwenye chupa. Na vijana wa Lisbon sasa hivi kitu kikiwa kingi wanasema bué, hilo limetoka Angola na limeshaingia kwenye kamusi. Maji yamegeuka yanapanda mlima.

Timor ya Mashariki, nayo ilikuwa koloni la Mreno, naitaja kwa ufupi. Indonesia iliivamia Desemba 1975, Kireno kikapigwa marufuku mashuleni, kikawa lugha ya wapiganaji msituni na barua za siri. Walipopata uhuru 2002 wakakifanya lugha rasmi pamoja na Kitetum. Wangeweza kukiacha, hakuna aliyewalazimisha.

Sasa vijana, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikuwa na lugha tatu rasmi, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Agosti 2019 pale Dar wakaongeza Kiswahili. Umoja wa Afrika nao, Kiswahili na Kireno vyote vipo. Anayeweza kutafsiri moja kwa moja kutoka Kiswahili kwenda Kireno bila kupitia Kiingereza ni nani? Mimi nimezunguka, wanaopatikana ni haohao wachache wa mpakani, tena wengi hawana cheti. Kazi ipo, imelala hapa mbele ya mlango wenu, na mwalimu bora kuliko wote ameketi mstari wa pili pale, amekuja na boti jana.

Niliishia hapo tukafungua maswali. Swali la kwanza aliuliza mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, kwamba mwanangu mimi nijifunze kipi, cha Ureno au cha Brazil? Nikamwambia mama, wa Lisbon wanazimeza irabu, sikio letu linapata tabu, wa Brazil wanaimba vizuri lakini wako mbali. Wewe jifunze cha Pemba, ile ya Msumbiji, na Nampula, wale wanazitamka irabu zote kama sisi, na ndo watakaonunua vitenge vyako, sema kule usiseme kitenge, sema capulana. Akaniuliza bei gani wanasemaje. Quanto custa. Akarudia mara ya kwanza, akarudia ya pili, ya tatu akageuka akaisema kwa sauti kuelekea kwa wale ndugu zetu wa Mocímboa akiwaonyesha kofia ya mmoja wao, na yule bwana bila kusita akamtajia bei.